Mjerumani Amemshika Bibi Harusi

“…moshi, Bi Nana! Wallahi nasikia moshi, na bibi harusi amekwama!”

Sauti ya Sidi ilitoka nyuma ya mapazia mawili meusi ikapasua duka zima.

“Usifungue!” Mzee Mutunga alipiga ukelele kutoka nje. “Sidi, mwanangu, usifungue pazia! Mwanga ukiingia tu, picha imekwenda!”

“Na wewe usiingie!” Bi Nana alimrukia, akatandaza mikono mlangoni kama golikipa. “Mutunga, ukitia mguu humo ndani, mimi na wewe basi!”

“Bi Nana, mashine yaungua!”

“Na iungue! Bora iungue kuliko mwanamume amuone mwana wa watu kichwa wazi!”

Jamani, mwayaona mambo? Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na kuna walioapa kulirarua gazeti. Haya, msirarue. Bibi harusi yu mzima. Aliyekwama ni picha yake.

Kwa aliyeingia leo, asikilize haraka. Humo gizani mna mashine kubwa kama kabati la nguo la milango mitatu. Marehemu Taib, mumewe Bi Nana, aliinunua mwaka wa sabini na tatu, nayo ilikuwa imeshatumika huko Ujerumani, ndiyo maana mpaka leo hii, mwaka wa tisini na sita, yaitwa Mjerumani. Kazi yake ni moja, kutoa picha kubwa kubwa za ukutani. Mji wa Kale mzima hakuna sebule inayojiheshimu isiyotundika kazi ya Mjerumani.

Na Studio ya Taib ina sharti lake. Picha za harusi za wanawake husafishwa na mwanamke peke yake, wanaume wote kando. Kwa hivyo Sidi Menza wa Majengo, binti mwenye cheti cha politekniki na mdomo usiofungika, ndiye pekee aliyeruhusiwa kuwa humo. Tatizo ni kwamba Sidi ajua kusafisha, hajui kutengeneza. Anayejua kumtengeneza Mjerumani ni Mzee Mutunga pekee. Na Mzee Mutunga, bahati mbaya, ni mwanamume.

Saa ilikuwa nane mchana. Picha ya bibi harusi Shukri, ndefu kama mtoto wa miaka saba, ilitakiwa ukumbini laasiri, isimamishwe mlangoni pa wanawake, ili wanaokuja kumtazama bibi harusi wamtazame kwanza kabla hawajamtazama.

Na Bi Nana alikuwa ameshaapa mbele ya watu. Picha ikitoka, Mjerumani abaki na Mutunga abaki. Isipotoka, atia sahihi karatasi za Lewis muuza mashine, Mjapani mpya aletwe, Mjerumani aende kwa muuza vyuma, na Mutunga aende kwake Ganjoni akapumzike.

“Sidi!” Mutunga aliita. “Imeshikia wapi?”

“Mdomoni pa dawa! Karatasi haijalowa bado, lakini mota yanguruma na haizungushi!”

“Zima mota!”

“Nimezima!”

“Basi ni ukanda. Ukanda umekufa. Bi Nana, niache niingie. Mle ni giza totoro, hata pua yangu siioni, nitamuona nani?”

Bi Nana alifikiri. Alimtazama Mutunga, akalitazama pazia, akavua leso yake ya begani.

“Inama.”

“Ya nini?”

“Nikufunge macho.”

“Bi Nana, mle ni giza!”

“Giza ni la mashine. Leso ni ya heshima. Inama!”

Wasomaji, wallahi mzee wa watu aliinama. Akafungwa leso, tena si moja, Bi Nana alichomoa ya pili kabatini, ikazungushwa kichwani mpaka akawa kama mtu atokaye kung’olewa meno. Ndipo aliporuhusiwa kuingia gizani bila kuona.

Sidi alikuwa mle tangu asubuhi, na bado hupapasa ukuta kila aendapo. Mutunga aliingia kama mtu aingiaye sebuleni kwake. Hakugonga beseni wala hakukwaruza meza. Akafika mashineni, akafungua ubavu, akatia mkono.

“Umekatika vipande viwili,” alisema. “Nataka ukanda wa cherehani.”

“Cherehani?”

“Ile ya miguu. Ukanda wake wa ngozi. Utatosha barabara. Bi Nana! Kwa Kingi hapo mlango wa pili!”

Sidi alitoka kati ya mapazia mbio, akiwa na kazi moja tu, kwenda kwa Kingi fundi nguo na kurudi. Lakini mlangoni mwa duka alikuta tumbo limesimama. Mbele ya tumbo palikuwa na tai nyekundu, na juu ya tai, tabasamu la Lewis.

“Dada Sidi! Nasikia mzee wa kazi amegoma.”

Lewis ndiye muuza Mjapani. Alishuka kutoka Nairobi na mkoba wa karatasi zinazong’aa, na kwa siku tano hizi amekuwa akikaa dukani kama mpangaji.

“Niache nipite,” Sidi alisema.

“Pita. Lakini sikiliza.” Akapunguza sauti. “Hiyo mashine mpya itahitaji mtu mmoja tu, tena mwanamke. Mwezi mzima Nairobi kufundishwa. Koti jeupe. Jina lako kifuani. Mimi siwezi kumwambia mtu aharibu kazi, Mungu anisamehe. Ninasema tu, leo usijisumbue sana. Simama tu. Kazi yako ni kusimama.”

Koti jeupe! Sidi alishajiona akishuka kwenye treni ya Nairobi, mama yake akimsimulia kila mtu huko kwao Kaloleni. Alitaka kulia, alitaka kucheka, na alitaka zaidi kumwambia mtu, maana Sidi jambo likimkaa moyoni dakika mbili huanza kumwasha. Lakini wa kuambiwa hakuwapo. Akakimbia kwa Kingi.

“Ukanda wa cherehani yangu?” Kingi alisimamisha miguu. “Umeingiwa na wazimu? Waona gauni hili? La mama yake bibi harusi! Limebaki mkono mmoja na pindo!”

“Fundi Kingi, picha ya bibi harusi mwenyewe iko shingoni pa mashine!”

“Na mimi mama yake yuko shingoni pangu!”

Kama aliyeitwa, mama Shukri mwenyewe akaingia, buibui likipepea, jasho likimtiririka, mkononi ana sinia la maua ya kupambia.

“Gauni langu?”

“Ukanda!” Sidi akasema.

“Gauni!” Kingi akasema.

Wakaeleza wote kwa pamoja, na mama Shukri akaelewa katikati ya kelele. Ni gauni lake ama picha ya binti yake. Vyote viwili kwa ukanda mmoja havitoki.

Mama mtu alifumba macho. Ungedhani achagua kati ya figo mbili.

“Wifi yangu mwezi wa tatu alitoa picha ya binti yake,” alisema taratibu. “Futi tatu.”

“Hii ni futi nne,” Sidi akamwambia.

“Futi nne?” Macho yakafunguka. “Kingi, ng’oa ukanda!”

“Na gauni, mama? Lina mkono mmoja!”

“Nitavaa la Idi! Na wakilijua, walijue! Ng’oa!”

Kingi alitoa ukanda kama atoaye ubavu wake, akaufuata mpaka kizingitini pa studio, akakaa hapo chini akiulilia.

Ndani, Lewis alikuwa ameshamkamata Bi Nana na karatasi zake.

“Madam, hii mpya haitaki giza. Picha inatoka mchana kweupe.”

“Kwanza hujaniamkia.”

“Shikamoo, Madam.”

“Marahaba. Sasa endelea na hilo giza lako.”

“Haina giza, Madam! Ina kioo mbele. Unaiweka hapa dirishani, watu wa barabarani wanapita, wanaona picha ikitoka polepole, kichwa, shingo, mabega…”

“Mabega ya nani?”

“Ya… bibi harusi.”

Bi Nana alinyoosha kidole dirishani. “Barabara ya Ndia Kuu yote. Wachukuzi na mikokoteni yao, wenye kahawa, watalii na kamera zao. Wakae hapo wangojee mabega ya mwana wa watu yatoke?”

“Tunaweza kuweka pazia, Madam.”

“Jeusi?”

“Hata jeusi.”

“Basi mashine isiyotaka giza nitaitilia giza mimi mwenyewe. Na fundi wake?”

“Anatoka Nairobi. Ndani ya wiki moja anafika.”

“Mwanamume?”

Lewis alikohoa. Bi Nana alitazama kabati, akahesabu leso zilizobaki.

Sidi alirudi gizani na ukanda. Mutunga aliupokea, akaupima kwa vidole, akautia, akaukaza kwa bisibisi moja fupi. Hakuomba kitu mara mbili.

“Sasa sikiliza, mwanangu. Ukiwasha, karatasi itaingia kwenye dawa. Dakika nne. Kengele ikilia, vuta mpini wa kushoto, picha iende kukaushwa. Ukichelewa, dawa itamla. Atatoka mweusi kama chungu. Mpini huo mimi siufikii nikiwa nimeshika ukanda huu. Ni wako.”

“Ndiyo, mzee.”

“Washa.”

Mjerumani alikohoa, akatetemeka, akaanza kuzunguka. Kaseti ya taarabu ya mwenye duka la viatu ilisikika kwa mbali. Sidi alishika mpini wa kushoto.

Simama tu. Kazi yako ni kusimama.

Mwaelewa alipofika? Hakuna atakayeona, ni giza. Hakuna atakayejua. Kengele italia, atachelewa kidogo tu, kama mtu aliyeteleza. Mjerumani atakwenda kwa muuza vyuma, na Sidi atapanda treni. Na mzee huyu aliyepiga magoti hapa chini, leso mbili kichwani, vidole vyake kwenye ukanda unaozunguka, atarudi Ganjoni kungojea maziko ya watu.

“Sidi,” Mutunga alisema gizani.

“Naam?”

“Siku ya kwanza ulipokuja, ulimwaga dawa ya wiki nzima.”

“Nakumbuka.”

“Nilimwambia Bi Nana ni mimi.”

Kengele ikalia.

Sidi hakuvuta.

Moja. Koti jeupe. Mbili. Jina kifuani. Akasikia harufu ya dawa ikipanda moto.

“Sidi?”

Tatu!

Akavuta mpini kwa mikono yote miwili mpaka akaanguka chali. Mjerumani akapiga mbweu, karatasi ikaruka kwenye kikaushio, na baada ya muda uliokuwa kama mwezi wa Ramadhani mzima, bibi harusi alianza kutoka, akiwa na joto kama mkate wa mofa.

“Imetoka!” Sidi alipiga kelele. “Bi Nana, imetoka!”

Hapo fujo ikaanza. Lewis alitolewa nje, akageuzwa uso kwenye ukuta wa jirani. Kingi, aliyekuwa akilia kizingitini, akasukumwa akalie mbali. Mlango ukafungwa komeo, na Bi Nana na mama Shukri, aliyekuja nyuma ya ukanda, wakaibeba picha mpaka mbele dukani, penye taa.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka soko la Marikiti.

“Mashaallah!” Mama Shukri aliipapasa hewa mbele ya picha, asiiguse. “Tazama rangi! Mwanangu amekuwa dhahabu tupu! Mkufu mmoja umetoka kama mitatu!”

“Ndiyo Mjerumani huyo,” Bi Nana alijibu, kifua mbele. “Hakuna mashine nyingine Mombasa itoayo dhahabu hii.”

Na ni kweli, hakuna. Watu walikuja kutoka hata Malindi kufuata dhahabu ya Mjerumani. Weusi walitoka dhahabu, weupe walitoka dhahabu, hata paka wa hakimu mmoja alitoka dhahabu. Rangi hiyo huipanga Mzee Mutunga kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Hutia kipande cha kujaribia, hukiinua mbele ya taa, hukitazama kwa muda mrefu, kisha husema, “Hapo.” Sidi hajawahi kuthubutu kuligusa gurudumu la rangi.

Alirudi kwenye ujia wa ndani kumtoa mzee. Mutunga alikuwa ameshatoka kati ya mapazia, amesimama chini ya taa ya ujia, mikono imening’inia.

“Nifungue basi leso hizi,” alisema. “Nina joto.”

Sidi akainua mkono amfungue. Mkono ukasimama hewani.

Leso zilikuwa shingoni.

Zote mbili. Zilikuwa zimenaswa na pazia alipopita, zikateremka. Macho ya Mutunga yalikuwa wazi kabisa, yametazama taa bila kupepesa. Na katikati ya kila jicho, ukungu mweupe kama tui.

Sidi alipitisha kiganja mbele ya uso wake. Mara moja. Mara mbili.

“Waniacha hivi mpaka lini?” Mutunga akauliza. “Au ni amri ya Bi Nana tena?”

“Mzee,” Sidi alinong’ona. “Leso zimeanguka.”

Mutunga akapeleka vidole shingoni, akazigusa.

“Zimeanguka lini?”

“Sijui. Mzee… tangu lini?”

“Mtoto wa jicho,” alisema. “La kulia mwaka juzi. La kushoto lilinisubiri kidogo, kwa adabu. Naona mwanga. Naona kivuli. Naona kwamba wewe ni mrefu kuliko Bi Nana.”

“Lakini wewe hupanga rangi! Kila asubuhi!”

“Nakumbuka gurudumu lilipokuwa likikaa. Labda limesogea kidogo.”

Limesogea! Sidi aliziba mdomo. Sebule zote za Mji wa Kale zilimpitia kichwani, madiwani na mashangazi na maharusi, wote manjano, wote wamelipa, wote wamejivunia! Na mbele dukani, kila mteja aliyeinuliwa picha yake, Mutunga huyu huyu ndiye aliyekuwa akimtazama usoni na kumwambia, “Umetoka vizuri sana.” Watu walisema mji huu hauna fundi mwenye jicho kama la Mutunga.

“Zile ulizosema nzuri?” aliuliza.

“Kuna aliyelalamika?”

Hakuna. Miaka miwili, hata mmoja.

Mutunga alimpapasa mkono, akaushika. “Bado miezi saba nistaafu. Miezi saba tu, mwanangu. Nyamaza.”

Ebo! Kumwambia Sidi anyamaze!

“Sidi!” Bi Nana aliita. “Njoo huku upesi, na umlete Mutunga!”

Picha ilikuwa imeshafunikwa shuka, na wanaume wameruhusiwa kuwa wanaume tena. Lewis alikuwa kwenye kaunta, uso una chokaa ya ukuta, kalamu mkononi. Kingi alikuwa mlangoni, adai ukanda wake. Na Bi Nana alikuwa ameinamia zile karatasi zinazong’aa, kipaji kimekunjamana.

“Nimeapa, na picha imetoka,” alisema. “Lakini sikuapa kuichoma nyumba ya marehemu. Imetoka kwa ukanda wa cherehani, na moshi. Mama Shukri ataka nyingine kama hii ya kumpa mamake bwana harusi, Jumatatu. Haya, bwana wewe. Mashine yako itatoa rangi hii?”

“Bora kuliko hii, Madam!” Lewis akasema. “Inapanga rangi yenyewe. Inamtoa mtu vile alivyo.”

“Vile alivyo?” Bi Nana akauliza.

“Kabisa.”

“Ah!” Mama Shukri akashika kifua. “Na nani aliyekuja studio kutafuta vile alivyo? Vile alivyo si yuko nyumbani?”

“Hapo ndipo nami nachanganyikiwa,” Bi Nana akasema, akainua kichwa, akamtazama Sidi moja kwa moja. “Wewe ndiwe uliyekuwa ndani. Wamjua Mjerumani alivyo leo, na umesoma. Niambie kweli ya Mungu. Huyu wa kuondolewa ama wa kuachwa? Nitie sahihi ama nisitie?”

Lewis alimkonyeza Sidi, akagusa kifua chake mwenyewe, pale jina la Sidi lingekaa.

Nyuma ya Lewis, Mutunga alikuwa amesimama wima, leso shingoni, macho yameelekezwa ukutani, hatua mbili mbali na kila mtu. Alikuwa akitabasamu kwa heshima kwenye kabati.

Sidi alifungua mdomo. Aseme asemacho, kuna mtu atatoka mlangoni leo asirudi. Akinyamaza, Jumatatu mzee asiyeona atatia tena vidole kwenye ukanda unaozunguka, mbele ya umeme na ndoo za dawa, naye Sidi ndiye atakayewasha.

Akaufunga. Akaufungua tena.

“Bi Nana,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisema taratibu. “Kwanza tumpeleke bibi harusi ukumbini, laasiri yaingia. Kesho saa moja, kabla mtu hajafungua mlango, na kabla Mzee Mutunga hajagusa kitu, kaa kwenye kiti. Nitakwambia kilichokufa humu ndani na kisichokufa. Nitakwambia yote.”

“Kesho?” Bi Nana aliisukuma kando kalamu ya Lewis, hajaamini. “Wewe, Sidi? Una jambo, na utalilaza mpaka kesho?”

“Kesho,” Sidi akasema, akamshika Mutunga mkono, akamgeuza kuelekea mlangoni.